Pipa Halikujaa, Lakini Unga Haukuisha

Andiko: 1 Wafalme 17:8–24



Ujumbe huu niliuhubiri Jumapili asubuhi Thika, na mchana nikaurudia kwa ndugu zetu wa Ruiru. Wengi mmeniomba uchapishwe, hasa wale mliotolewa nje na watoto katikati ya neno. Basi huu hapa, pamoja na mambo mawili matatu ambayo saa haikuniruhusu kuyasema.

Fungua Wafalme wa Kwanza, sura ya 17. Tunaijua hadithi hii tangu shule ya Jumapili, lakini tuisome polepole. Nchi ina njaa, mvua imekataa. Eliya anatumwa Sarepta, mji wa Sidoni, nje kabisa ya Israeli, nyumbani kwa mjane. Anamkuta langoni anaokota kuni, tena kuni mbili tu. Kina mama mnajua, kuni mbili haziivishi githeri. Nyumbani ana konzi moja ya unga na mafuta kidogo, na mpango wake ameshaupanga: apike mara ya mwisho, ale na mwanawe, kisha wangoje kufa.

Tunapenda kuhubiri kwamba Mungu alimbariki mama huyu, na ni kweli. Lakini alimbariki namna gani? Mimi nilisomea biashara chuoni kabla sijaingia katika huduma, na nikifika mstari wa 14 hadi wa 16 macho yangu yanakimbilia hesabu. Andiko halisemi pipa lilijaa. Halisemi mama aliamka akakuta magunia hamsini mlangoni. Linachosema ni kwamba unga haukupungua na mafuta hayakukauka mpaka mvua iliporudi. Kila asubuhi alipoinama kwenye pipa alikuta unga wa siku hiyo. Kesho yake akainama tena, akakuta wa kesho. Hakuwahi kuwa tajiri yule mama. Alikuwa na kitu ambacho mfanyabiashara yeyote wa Thika mjini anakitafuta usiku na mchana: kitu kinachoingia kila siku bila kukatika.

Darasani walitufundisha kwamba biashara nyingi hazifi kwa kukosa faida. Zinakufa kwa sababu kodi inadaiwa tarehe 5 na pesa zitaingia tarehe 20. Shika hilo, tutalirudia.

Sasa, sehemu tunayoiruka ni mstari wa 17. Katika nyumba ile ile yenye muujiza wa unga, mtoto anaugua. Si nyumba ya mwenye dhambi, si nyumba ya asiyetoa. Ni nyumba iliyomlisha nabii! Na ugonjwa unazidi mpaka pumzi inamwisha. Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba mtoto wa mcha Mungu haugui, mpeleke Sarepta.

Nina ruhusa ya kusema ninalotaka kusema sasa. Nimepewa na mama mwenyewe kwa sharti kwamba nisitaje jina lake, wala la mtoto, wala mtaa. Ni mmoja wetu, upande wa Ruiru. Mtoto wake alianza kunywa maji kupita kiasi. Usiku anaamka mara tatu, mara nne, kwenda haja ndogo. Akarudia kukojoa kitandani na alikuwa ameacha zamani. Akakonda. Jirani mmoja akasema ni minyoo, mwingine akasema kuna mkono wa mtu. Siku alipoanza kutapika na kuhema kama aliyekimbizwa, wakamfikisha hospitali, akapimwa damu. Sukari.

Nikisema sukari, wengi mnafikiria ile ya watu wazima, ya kuambiwa upunguze chai tamu na mandazi. Hii ya watoto mara nyingi ni nyingine, madaktari wanaiita aina ya kwanza. Mwili wenyewe unashambulia ile sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini, na bila insulini chakula hakiwezi kugeuka kuwa nguvu. Sukari inabaki kwenye damu huku mtoto akinyauka. Haikuletwa na peremende. Mama hakukosea kumlisha. Zamani mtoto wa namna hiyo alikuwa anakufa, basi, hakuna aliyejua la kufanya. Ni Januari 1922, huko Toronto nchini Kanada, mvulana wa miaka 14 alipodungwa insulini, akawa mgonjwa wa kwanza kutibiwa nayo. Mwaka uliofuata wagunduzi wakauza hati ya ugunduzi wao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mmoja. Dola moja! Walikuwa na kisima cha mafuta mkononi, na wakakiacha.

Lakini elewa hili: insulini haiondoi ugonjwa. Inafanya kazi ambayo mwili umeacha kufanya, kwa hiyo inadungwa leo, kesho, na siku zote, tena mara kadhaa kwa siku. Na kabla ya kudunga lazima upime. Mtoto akipimwa mara nne kwa siku, hivyo ni vijiti 120 vya kupimia kwa mwezi. Kwa mwaka ni 1,460. Na mwaka ujao ni 1,460 tena. Chupa za akiba nazo zinataka ubaridi. Mwenye friji anaweka kwenye friji. Asiye na friji anatumbukiza chungu kimoja ndani ya kingine na kujaza mchanga uliolowa maji katikati. Hiyo si hadithi, kuna nyumba hapa Kenya zinazoishi hivyo.

Kanisa lilifanya harambee. Mnaikumbuka. Watu walitoa, wengine walitoa nauli ya kurudi nyumbani. Bili ikalipwa, salio likanunua dawa, tukapiga makofi. Nasema kwa moyo wote, harambee ile ilifanya kazi yake na hakuna aliyekosea. Ila harambee ni mvua ya siku moja. Baada ya miezi minane salio likaisha. Mama hakurudi kuomba, kwa sababu jamani, mtu atasimama mbele ya kanisa mara ngapi? Akaanza kupunguza dozi. Badala ya kipimo alichoandikiwa anadunga kidogo, ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Aliyegundua ni muuguzi wa kliniki, kwa kusoma daftari la vipimo. Mtoto alilazwa tena. Yuko hai, na Mungu apewe sifa. Lakini tulikaa viti vitatu kutoka kwa mama huyo tukiimba, na pipa lake lilikuwa linafika chini.

Kuna swali linaloulizwa kwa kunong'ona baada ya ibada: "Pastor, si tulimwombea huyu mtoto? Mbona bado anadungwa?" Nitalijibu hapa kwa maandishi ili lisinong'onwe tena.

Soma 2 Wafalme 20. Hezekia ameugua karibu na kufa. Isaya anamletea neno la Bwana kwamba ataongezewa miaka 15. Neno limeshatoka, halirudi. Na bado Isaya huyo huyo anaagiza waandae tini zibandikwe juu ya jipu. Nabii mwenye neno la uponyaji mdomoni, na dawa mkononi. Kisha soma 1 Timotheo 5:23. Timotheo alikuwa mgonjwa wa mara kwa mara, ndivyo Paulo anavyosema, na Paulo, ambaye Efeso watu walichukua hata leso zake kwa wagonjwa wakapona, anampa Timotheo ushauri wa kutunza tumbo lake. Sijaona mahali Paulo anamwambia Timotheo kwamba imani yake ni ndogo.

Kwa hiyo, asiwepo mtu katika kanisa hili, awe mzee, mwombezi au mgeni mwenye upako, wa kumwambia mama aache insulini ili aonyeshe imani. Mtoto wa sukari aina ya kwanza akikosa insulini anaweza kufa ndani ya siku chache. Tunaomba, tunafunga, tunaamini. Mungu akimponya, vipimo vitasema, na daktari ndiye atakayepunguza dozi. Semeni amen. Upande wa Thika amen ilikuwa nzito kidogo, Ruiru waliipiga vizuri.

Turudi Sarepta. Mtoto amezimia pumzi, na mama anamgeukia nabii kwa uchungu, anamuuliza kama amekuja kukumbusha dhambi yake na kumuua mwanawe. Ona jinsi mama wa mtoto mgonjwa anavyokimbilia kujilaumu. Kila mama wa mtoto mgonjwa ninayemjua ameshapita hapo: nilikula nini nikiwa mjamzito, nilimkosea nani. Na Eliya hamjibu hata neno moja la mafundisho. Anaomba apewe mtoto, anamtoa kifuani pa mama, anampandisha orofani alikokuwa anakaa, anamlaza juu ya kitanda chake mwenyewe. Ndipo anaomba. Nimekaa na neno hilo wiki nzima. Angeweza kumwombea pale pale mikononi mwa mama na kushuka ngazi. Lakini alitoa kwanza kitanda chake. Mahali pa kulala pake pakawa pa mtoto.

Sasa kumlaza mtoto mgonjwa kitandani kwako, kwa mtu wa mshahara wa Makongeni au wa duka la Kihunguro, ni kufanya nini? Hapo ndipo nataka tutazame watu ambao hawakuwa madaktari wala matajiri wakubwa. Walikuwa na kalamu.

Tuanze hapa kwetu. Agosti 2015 mwandishi Jackson Biko, ambaye wengi mnamsoma magazetini, aliandika habari za mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu aliyekuwa na uvimbe kichwani na ameshapasuliwa zaidi ya mara moja. Alihitaji kwenda India. Biko hakuandika kama wakili wala kama mwombaji. Aliandika kama mtu aliyekaa na kijana, akamsikiliza. Kilichotafutwa ni shilingi milioni moja. Wakenya walituma kwa simu zao, mia, hamsini, elfu, na lengo likapitwa mara kadhaa ndani ya siku chache. Kijana akasafiri. Wale wanaosema Wakenya wamechoka kuchanga, wakumbushe siku hizo.

Zamani zaidi, London, kuna hospitali ya watoto inaitwa Great Ormond Street. Ilifunguliwa 1852 na vitanda 10. Miaka sita baadaye haikuwa na pesa, ikamwita Charles Dickens, mwandishi aliyekuwa maarufu kuliko wote nchini. Februari 1858 wakafanya karamu ya kuchangisha. Mimi naiita harambee, maana ilikuwa na kila kitu isipokuwa mnada wa jogoo. Dickens akasimama akasimulia mtoto maskini aliyewahi kumwona Edinburgh, amelazwa ndani ya sanduku la mayai ambalo mama aliliomba dukani, hanung'uniki, halii, anatazama tu kwa macho ya kushangaa ni kwa nini amelala pale. Usiku ule zilipatikana zaidi ya pauni 3,000, pesa nyingi sana kwa wakati huo, na hospitali ikanunua nyumba ya pili. Baadaye Dickens akasoma hadithi yake mbele ya watu waliolipa kiingilio, na pesa hizo pia zikaenda hospitalini.

Biko na Dickens walifanya kitu kimoja. Walimwona mtoto au kijana, wakatufanya na sisi tumwone. Asiyeonekana hachangiwi. Lakini, na hapa mhasibu ndani yangu anainua mkono, karamu ya Dickens iliisha usiku ule ule. Ukuta ulijengwa, vitanda vikaongezeka, na Jumatatu yake wagonjwa wakataka kula.

Miaka 71 ikapita. Hospitali ile ile, mwaka 1929, ikamfuata mwandishi mwingine, J. M. Barrie, Mskoti aliyeandika mchezo wa Peter Pan, yule mvulana asiyekua mtu mzima. Mchezo huo ulionyeshwa mara ya kwanza Desemba 1904, na kila mwaka watu walikuwa wakilipa kuutazama. Barrie hakuwa na mtoto wa kumzaa. Na alijua nyumba yenye msiba wa mtoto ilivyo, kwa sababu kaka yake alikufa akiwa na miaka 13 na mama yao hakuwahi kurudi sawasawa. Hospitali ilimwomba aingie kwenye kamati ya kutafuta pesa za kununua ardhi. Akakataa. Lakini alisema huenda akapata njia nyingine ya kusaidia, na haukupita muda mrefu akaipa hospitali haki zote za Peter Pan.

Si pesa, wapendwa. Haki. Mwandishi ana kitu kinaitwa mrabaha: kila kitabu kinapouzwa, kila mchezo unapoonyeshwa, sehemu yake inamrudia. Barrie alichukua mto huo akaugeuza mkondo, ukaacha kupita shambani kwake ukapita kwenye vitanda vya watoto. Mwaka 1937 akafa. Maiti haichangi harambee, lakini mwaka uliofuata pesa ziliingia. Na uliofuata. Mwaka 1987 muda wa haki hizo kisheria ukaisha, miaka 50 baada ya kifo chake, na mwaka 1988 Bunge la Uingereza likapitisha kifungu maalum, kilicholetwa na aliyekuwa Waziri Mkuu, Bwana Callaghan, kwamba hospitali hiyo iendelee kupata mrabaha wa Peter Pan nchini humo bila kikomo. Mke wa Callaghan alikuwa amewahi kuongoza bodi ya hospitali. Wanaume mliooa mnaelewa jinsi sheria ile ilivyopatikana.

Pipa halikujaa, lakini unga haukuisha.

Jambo lingine kuhusu Barrie: aliomba kiasi cha pesa kisitangazwe, na hospitali imeshika ombi hilo hadi leo. Sisi tuna kipaza sauti. Tunamtaja aliyetoa elfu hamsini, anasimama, anapunga mkono, na mama aliyetoa mia mbili za mwisho anaitwa "na wengine". Yesu alisema wazi katika Mathayo 6 kuhusu mkono wa kushoto na wa kulia, nendeni mkasome. Lakini asinielewe mtu vibaya: siri ya mtoaji ni jambo moja, siri ya mweka hazina ni jambo lingine kabisa. Ya kwanza ni unyenyekevu. Ya pili inapelekwa polisi.

Na kuna H. G. Wells. Huyu hakuwa mtu wa kanisa, niseme ukweli. Aliugua sukari, akatibiwa na daktari R. D. Lawrence, ambaye yeye mwenyewe alikuwa na sukari na aliokolewa na insulini mwaka 1923 akiwa amekwenda Italia kungoja kufa. Mwanzoni mwa 1934 Wells aliandika barua katika gazeti la The Times akiwataka wenye sukari waungane, na mwaka huo yeye na Lawrence wakaanzisha chama, kimojawapo cha malengo yake kikiwa kwamba hata asiye na pesa apate insulini. Wakati huo Uingereza haikuwa na matibabu ya bure kwa wote. Hayo yalikuja 1948. Barua moja ya gazetini. Chama hicho kipo mpaka leo.

Mtaniuliza, Pastor, sisi na Waingereza wapi na wapi? Soma 2 Wafalme 4. Mjane mwingine, wa wakati wa Elisha, wadai wako mlangoni, na nabii anamuuliza ana nini nyumbani. Hamuulizi jirani ana nini, wala mheshimiwa ana nini. Ana chupa ya mafuta. Basi, na sisi tuna nini nyumbani?

Tuna walimu. Nimehesabu, katika matawi mawili tuna walimu zaidi ya ishirini, na wawili wameshaandika vitabu vya mazoezi vinavyouzwa. Tuna wazee wanaojua hadithi za sungura na fisi za Kikuyu, na kwa sababu viwanda vya Thika vimewaleta watu kutoka kila kona, tuna za Kikamba, za Kiluhya na za Kijaluo pia. Kila Jumapili zinasimuliwa nyuma ya kanisa watoto wakingoja chai, kisha zinapotea. Baraza la wazee limekubali tuzikusanye ziwe kitabu cha watoto, kwa Kiswahili, na kila mwandishi atatia sahihi kwamba haki za hadithi yake ni za mfuko wa watoto wetu wagonjwa. Leo tunao wanne: wawili wa sukari, mmoja wa kifafa, mmoja wa selimundu.

Sheria inaturuhusu. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi ya mwandishi inalindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa. Dada wa miaka 30 akiandika leo, na Mungu akampa miaka 40 zaidi, hadithi yake itafanya kazi miaka 90. Mshahara wako unakoma siku unapostaafu. Na wewe kijana mwenye mashine ya fotokopi unayetoa nakala za vitabu vya watu pale mjini, umesikia. Siku utakapotoa nakala ya kitabu hiki utakuwa umeingiza mkono kwenye chungu cha insulini.

Sasa nisiwadanganye kwa jina la upako. Kitabu chetu hakitakuwa Peter Pan. Kuchapa kunagharimu kabla ya kuuza, na stoo za makanisa zimejaa vitabu ambavyo hakuna aliyevinunua. Kwa hiyo tutachapa vichache, na vitakavyochapwa ni vile vilivyoagizwa na kulipiwa kabla. Hata hivyo mrabaha wa mwaka wa kwanza hautatosha vijiti vya mtoto mmoja. Ndiyo maana kila kikundi cha nyumbani kinaombwa kuahidi kiasi kidogo kila mwezi, kidogo ambacho hakitashindikana hata mwezi wa Januari. Afadhali mia tano inayokuja mara kumi na mbili kuliko elfu kumi ya siku ya kupigwa picha ambayo haitarudi. Pesa zitaingia tarehe 1, dawa zinunuliwe tarehe 3. Akaunti itakuwa na watia sahihi watatu, na hakuna mchungaji kati yao, mimi nikiwemo. Hesabu zitabandikwa ukutani kila miezi mitatu, Thika na Ruiru.

Na hatutaweka picha ya mtoto yeyote mgonjwa kwenye jalada, wala jina, wala ugonjwa. Kuna wakati wa kusimulia habari za mgonjwa ili watu wamwone, kama Biko alivyofanya, naye mwenyewe akiwa mtu mzima anayejua anachokubali. Mtoto wa miaka tisa hawezi kukubali kitu kama hicho. Atakua, ataingia sekondari, ataoa au ataolewa, na sitaki akutane na uso wake kwenye bango la kuomba pesa. Peter Pan haina mgonjwa ndani yake. Ina mvulana anayeruka.

Wazazi, mkiona mtoto ana kiu isiyoisha, anakojoa sana, anakonda, msingoje kesha la Ijumaa. Mpelekeni apimwe sukari siku hiyo hiyo, kisha mje kesha.

Tuombe. Baba, wewe ulilinda unga wa mama wa Sarepta asubuhi baada ya asubuhi. Tunawaleta watoto hawa wanne. Waponye, Bwana, na mpaka siku hiyo, chupa isikauke, stima isipotee usiku, na mikono inayodunga isitetemeke. Wainue mama zao walioinama kwa kujilaumu. Kwa jina la Yesu, amen.

Hadithi zisizidi kurasa nne. Za kuandikwa kwa mkono tunazipokea, vijana wetu wanaosoma JKUAT wamejitolea kuzichapa. Ruiru, wapeni mashemasi mlangoni. Thika, leteni ofisi ya kanisa siku za wiki kabla ya saa kumi. Ya kwanza imeshafika. Imeandikwa na msichana wa gredi ya sita, kuhusu fisi aliyepanda matatu ya Githurai bila nauli. Nimeisoma mara mbili. Imekatikia fisi akiwa ameshikwa na makanga pale Kimbo, na mwandishi ameniahidi mwisho wake Jumapili hii.